Salamu ya Wenye Pikapu

Mwanamke aliyekuwa kwenye pikapu nyeupe aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, akatabasamu hadi jino la mwisho, akapita. Tabasamu lile lilimlenga Mpima, aliyekuwa anakuja na pikapu yake upande wa pili. Bahati mbaya, siku hiyo kwenye kiti cha pembeni alikaa mke wa Mpima, anamenya chungwa.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza.

Mpima, ambaye kazi yake ilikuwa kupima viwanja na kupigilia vigingi vya mipaka, akaona mpaka wake mwenyewe unasogea. Mwanamke yule alikuwa na duka la vipuri. Mafundi walimwita Gasketi, kwa maelezo kwamba asipokuwepo kila kitu kinavuja. Mpima alikuwa mteja wake wa mambo mengi, na si yote yalikuwa vipuri.

"Simjui hata jina," alisema. "Ni mila tu. Sisi wenye pikapu tukikutana barabarani tunasalimiana. Vidole viwili juu, taa unawasha mara moja."

"Mila? Tangu lini?"

"Enzi na enzi, mama watoto. Pikapu si gari kama gari. Ni undugu."

Mkewe alikuwa karani wa mahakama. Kutwa nzima alisikiliza watu wakiapa kusema kweli. Mbele yao ikatokea pikapu imebeba magodoro. Akaielekezea chungwa.

"Haya, ndugu yako huyo. Msalimie."

Mpima aliinua vidole, akawasha taa. Dereva wa magodoro, mtu mnene mwenye uso wa kununa, alidhani anaonywa kuwa kuna askari mbele. Akapunguza mwendo, akainua vidole viwili kwa shukrani.

"Kumbe kweli," alisema mkewe, akamkatia kipande cha chungwa.

Uongo ule ungeishia hapo, ungekufa kifo chema. Lakini mke wa Mpima aliipenda mila ile kupita kiasi. Tangu siku hiyo hakuiacha pikapu ipite bila salamu: ya mikate, ya saruji, hata moja iliyobeba jeneza, ambayo dereva wake alijibu kwa kidole kimoja kwa sababu ya msiba. Waliosalimiwa nao wakasalimia wenzao. Mvua zilipoanza, mji mzima ulikuwa vidole juu.

Kisha chama kikazaliwa. Muuza magodoro akawa mwenyekiti, mke wa Mpima akapita ukatibu bila kupingwa. Kanuni zikamiminika. Pikapu iliyotoka porini haioshwi upesi, maana tope ni heshima. Anayekwama ndiye acheke wa kwanza. Anayempita mwenzake aliyekwama ni mchawi. Mkutanoni mwenyekiti alisimama, akaeleza kwa sauti ya kutetemeka kwamba salamu hii tumeachiwa na mababu zetu. Hakuna aliyeuliza mababu hao walikuwa wanaendesha nini.

Mpima alipiga makofi pamoja na wengine. Angefanyaje?

Safari ya kwanza ya chama ilikuwa bondeni, kwenye tope la kumeza ng'ombe. Pikapu ya Mpima, iliyozoea lami na vivuli vya baa, ilizama mpaka milangoni. Wakaifunga mnyororo. Mkewe, ambaye sasa alikuwa amejifunza kuendesha, akashika usukani. Mpima akasukuma kwa nyuma. Magurudumu yakazunguka, na tope lote likamvaa kuanzia paji la uso. Chama kizima kikashangilia. Mkewe alicheka mpaka akaangukia honi.

Gasketi hakucheka. Mpima alipopita dukani kwake alimkuta amefura kama tairi.

"Ile salamu ilikuwa yangu," alimwambia. "Yangu na yako. Sasa nasalimiwa hivyo hivyo na wauza kuku. Juzi kanisalimia baba mkwe wa fundi rangi! Sijui tena nani ananipenda na nani ana pikapu tu."

"Sasa mimi nifanye nini? Mke wangu ndiye katibu."

"Nunua plagi zako uende."

Akanunua, akaenda. Alitegemea kuumia, akashangaa kujikuta mwepesi, kama mtu aliyetua gunia. Akaanza kurudi nyumbani mapema. Akagundua kwamba mkewe ana utani mkali, na kwamba gurudumu likipasuka yeye ndiye wa kwanza kuchomoa jeki. Kumbe uongo nao una baraka zake. Hata salamu yenyewe sasa aliiamini kwa dhati. Dereva asiyemjibu alimharibia siku.

"Nilibahatika kukuoa," alimwambia mkewe siku moja, hivi hivi tu.

"Najua," mkewe alisema.

Jumamosi moja walikuwa wanarudi kutoka bondeni. Mkewe aliendesha, Mpima amejilaza kitini, tope limemkaukia kwenye suruali, ameridhika na dunia. Walipokaribia njia panda, mtu mmoja mwenye shati lililopigwa pasi sawasawa aliwainulia vidole viwili. Mkewe akawasha taa mara moja, akamjibu, akarekebisha kilemba chake. Mpima naye, kwa adabu ya mwanachama, akainua vyake, kisha akageuza shingo aone ndugu huyu mpya anaendesha pikapu gani.

Hakukuwa na pikapu. Mtu yule alikuwa amesimama kituo cha basi, nauli mkononi, na wala hakuwa anamtazama Mpima.