Salamu ya Kitanda cha Tatu

Kidole gumba kilikataa. Mama Vifungo alikiamuru tena kisogee, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, lakini kilitulia palepale chini ya shuka kama cha mtu mwingine.

Alikuwa akisikia kila kitu: maji yakidondoka kwenye sinki, feni ikilalamika, binti yake akipenga kamasi nje ya dirisha. Ila tangu jana jioni, daktari alipomsikiliza kifua huku anaongea na simu, akasema "Ametutoka" na kutia saini, hakuna aliyejua kwamba yeye bado yupo.

Sasa alikuwa chumba cha maiti, kitanda cha tatu. Na jeneza lilikuwa njiani.

Mlango ukafunguliwa. Mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira, aliingia na ndoo akasimama kando ya kitanda cha kwanza.

"Shikamoo, bibi."

Akasogea cha pili, alikolala mzee aliyegongwa na lori. "Shikamoo, mzee. Leo siku ya nne, najua. Wanao wameshapata gari."

Akafika cha tatu. "Shikamoo, mama."

Mama Vifungo alishtuka. Tangu jana hakuna aliyemsemesha.

Nje ya pazia dereva wa gari la maiti alicheka. "Wewe dada, siku wakikuitikia utaruka dirishani uache buti."

"Wakiniitikia nitashukuru. Mtaani kwangu nasalimia watu kumi, wanaoitika wawili."

"Na hayo maji umeyapasha moto ya nini? Nani atalalamika?"

"Huyu mama alimshonea mwanangu vifungo vya sare miaka saba, hataki hata asante. Leo nimwoshe kwa maji ya baridi?"

Alimwosha taratibu, amemshika shingo kama mtoto mchanga. Akalikunja goti la kushoto, lile lililomtesa Mama Vifungo miaka kumi na moja. Halikuuma hata kidogo. Ni hofu, aliwaza. Hofu inasahaulisha mengi.

Mhudumu alitoka kuchukua taulo. Aliporudi alianza upya, bibi, mzee, mama, kana kwamba hawajaonana leo. Kumbe ndivyo alivyo, kila akiingia.

Alipokwisha kumvisha gauni, binti alibisha dirishani. "Dada, nakuomba, msimfunike mapema. Mama hawezi kukaa mahali palipofungwa. Hata bafuni alikuwa anaacha mlango wazi."

"Kifuniko nitakiweka mwenyewe, mdogo wangu. Mwisho kabisa."

"Limefika," dereva aliita. "Njoo tulishushe."

Wakatoka wote wawili.

Mama Vifungo akahesabu alichobakiwa nacho. Kidole kimekataa. Kope zimekataa. Ulimi bado hajaujaribu. Mhudumu ataingia mara moja tu, na akiingia atasalimu. Baada ya hapo ni kifuniko, kisha udongo. Kabla ya leo hakuwahi kuiacha salamu bila jibu, hata ya mtu waliyekosana. Ataitikia. Mwanamke huyu si wa kukimbia; atamwita binti, na binti atamrudisha mama yake nyumbani.

Mbao zilikwaruza sakafu. Buti zikasimama.

"Shikamoo, bibi."

Akaukusanya ulimi wake.

"Shikamoo, mzee."

Akazikusanya nguvu zake zote nyuma ya ulimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ilitoka. Sauti yake mwenyewe, nzima, ikakijaza chumba. Mama Vifungo akangoja kusikia jeneza likianguka.

"Wewe shika miguuni," mhudumu alimwambia dereva.

"Marahaba," alirudia, kwa sauti ya juu zaidi. "Nimeitikia, mwanangu. Mimi hapa."

Mikono minne ikaingia chini yake kwa upole, ikamwinua.

"Usijitese, dada yangu," ilisema sauti ya mzee kutoka kitanda cha pili. "Ni mtoto mwema. Anatusalimu kila asubuhi, na kila asubuhi tunamwitikia."