Uzi wa Kifungo

Kwa miaka sita Hamadi Kibwana aliongoza tamthilia za televisheni kuhusu watu wa kipato kidogo: makarani, mafundi cherehani, wake zao na vyumba vyao viwili vya kupanga. Zainuni, mtalaka wake, hakukosa kutazama hata moja.

"Kila wiki nasikia maneno yangu," alimwambia siku Hamadi alipokuja kumwomba sebule yake ya kurekodia. "Ila wanayasema wanawake wengine."

Hamadi hakukana.

Walirekodi asubuhi. Mwigizaji wa kike alimshonea mumewe kifungo cha shati, shati likiwa mwilini, mume akiwa amechelewa kazini. Alipomaliza akachukua mkasi.

"Si hivyo," Zainuni alisema kutoka nyuma ya kamera. Watu wote wakageuka. "Uzi nilikuwa naukata kwa meno."

"Kwa meno," Hamadi akakubali polepole. "Tunarudia."

Safari hii yule mwanamke aliinama, paji la uso likagusa kifua cha mwanamume, akaung'ata uzi. Ukakatika. Hapo Hamadi alitakiwa kusema neno moja tu ili kamera izimwe, lakini hakulisema. Basi mwanamke akabaki pale pale, na mwanamume, bila kuelekezwa, akamwekea mkono kichwani.

"Hilo hukuwahi kulifanya," Zainuni alinong'ona.

"Najua."

Kamera iliendelea kurekodi, na wao wawili wakasimama nyuma yake, bega kwa bega, wakitazama.