Wimbo wa Angani

Siku hizo, safari ndefu za ndege zilifanywa usingizini. Abiria walichomwa sindano kabla ya kuruka, na kila familia ikaoteshwa ndoto moja mpaka ndege itue. Wajawazito tu ndio hawakuchomwa. Kwa hiyo Mwatum, aliyekuwa na mimba kubwa, alivuka bahari akiwa macho, huku mumewe Shaibu na binti yao Raiye wamelala pembeni yake, wakitabasamu.

"Usiwe na wasiwasi, dada," mhudumu alimwambia. "Na wewe tumekutia humo ndotoni, ili mtoto asikukose."

Mwatum alishukuru. Alimfunika Raiye blanketi, akamfuta udenda shavuni, akasubiri.

Ndege ilipotua Brazili, walikokuwa wanahamia, Raiye aliamka na kumkumbatia mama yake kwa nguvu.

"Mama, niimbie tena ule wimbo."

"Wimbo gani, mwanangu?"

"Ule ulionitungia! Si umeniimbia njia nzima?"

Mwatum akamgeukia mumewe. Shaibu alikuwa ameinama anafunga viatu, huku akiimba chini kwa chini wimbo ambao Mwatum hakuwahi kuusikia.

"Mama?" Raiye alimkazia macho, kama anayetaka kuhakikisha jambo.

"Anza wewe, mwanangu," Mwatum akasema. "Koo limenikauka."

Mtoto akaanza, baba akaitikia. Mwatum akawafuata nyuma kwa sauti ndogo, akidaka neno moja moja, akiomba asikosee.