Chungu Kilichofunikwa

"Asikiguse mtu," alisema Dokta Marsiana.

Chungu kilikuwa kifudifudi ndani ya shimo, kando ya mafiga matatu. Mafuriko yalikuwa yameizika nyumba hiyo ya Idete kwa tope la kufika kiunoni, na mwenye shamba alikuwa amewapa hadi jioni tu. Trekta lake lilishaanza kunguruma. Mahali pa kuchimba alipachagua Marsiana mwenyewe. Hakupima, alionyesha tu kwa kidole.

"Tope la kiunoni halijai kwa siku moja. Hii ni ya kale," alisema Profesa Valentino, mwalimu wake wa zamani, ambaye kila chungu alichokutana nacho maishani kilikuwa kimetoka mbali. "Walikuja nacho, wakakaa, wakaondoka. Watu huhama, Marsiana."

"Hata bibi aliyenilea Mlabani alisema hivyo. Anayeondoka bila kuaga hana mpango wa kurudi."

Aliyasema kama anayetaja bei ya sukari.

Alipokuwa mwanafunzi naye aliamini hivyo. Baadaye akaandika kwamba mazingira ndiyo huamua: mto unafurika, watu wanakimbia, hakuna wa kulaumiwa. Fikra hiyo ilimpa cheo, na angalau usingizi kidogo. Sasa vijana walikuja na yao, kwamba nyuma ya kila kitu atafutwe mtu na nia yake. Hiyo ilimtisha. Mwenye nia anaweza pia kuwa alitaka kuondoka. Jambo moja tu alihitaji kulijua kabla trekta halijapita: je, mwanamke wa nyumba hii alikusudia kurudi?

Getrude, mwanafunzi wake, alichuchumaa ukingoni mwa shimo.

"Dokta, kwetu Kisawasawa mama akienda dunguni kulinda mpunga, vile vyombo atakavyovihitaji akirudi anavifunika kwa chungu, panya wasivichezee. Anayehama anabeba chungu chake."

"Hiyo ni dhana tu," alisema Profesa.

"Basi tufunue, Prof."

Marsiana aliitikia kwa kichwa. Vidole vyake vilikuwa na ganzi tangu asubuhi. Hata ubaridi wa tope hakuusikia.

Getrude akafunua. Chini ya chungu kulikuwa na kijiko kidogo cha plastiki, cha bluu, ncha yake imetafunwatafunwa.

Profesa akacheka. "Plastiki! Kumbe ni ya juzi. Siku nzima imepotea bure. Mwambieni yule wa trekta apite."

Marsiana alishuka shimoni, akakiokota kijiko, akakifuta tope kwa upindo wa kitenge.

"Alikusudia kurudi," alisema.

"Nani?"

Akapitisha kidole gumba juu ya alama za meno, polepole, moja baada ya nyingine.

"Mama. Kila siku alikuwa ananigombeza nisikitafune."