Vumbi la Kwao

Fundi Shomvi alifungua boneti, akachomoa chujio la hewa. Lilikuwa jekundu pyu.

"Ndiyo maana gari linakosa pumzi, mama. Lakini vumbi hili si la hapa. Mchanga wetu mweupe."

"Ni la kwao marehemu mume wangu," alisema Bi Kidawa. "Tulikwenda mwaka jana, akiendesha yeye. Madirisha wazi njia nzima."

Fundi akaweka chujio jipya. Injini ikanguruma vizuri. Katika mji ule, fundi humkabidhi mwenye gari kifaa cha zamani, ili aamini kimebadilishwa kweli. Wengi hukitazama tu, wakakitupa. Shomvi akavuta mpira wa upepo alipulize kwanza lile chujio la zamani, lisije likamchafua mama wa watu.

"Usilipulize!" Bi Kidawa alimshika mkono. "Nipe hivyo hivyo, mwanangu."

Alilipokea kwa viganja viwili, akalilaza kwenye kiti cha abiria, mahali alipozoea kukaa yeye mumewe akiendesha. Jua lilikuwa kali. Akapandisha vioo vyote mpaka juu, akaondoka polepole, jasho likimtiririka.