Tundu la Kifuniko

Kwa siku ya tatu, shafti, mhimili wa mota, ilikataa kuingia kwenye beringi, pete inayozungukia. Kila Salha alipoziunganisha sehemu za mota kwenye kompyuta, shafti ilikwenda upande na mchoro wote ukawa mwekundu kuonyesha kosa.

"Umesomea wapi wewe?" alifoka Bwana Mbaruku, mkuu wa ofisi, aliyesimama nyuma yake. "Karakana inasubiri mchoro ili isubu chuma, ikimimine kwenye kalibu, nawe unacheza!"

Wenzake wakainamia kazi zao. Salha alizitenganisha sehemu zote, akazipima moja moja mpaka akafika kwenye kifuniko cha mota, kinachoishikilia beringi. Tundu lake halikuwa katikati; lilikwenda kando kwa milimita mbili.

"Kosa liko kwenye kifuniko, bwana, si kwenye shafti."

"Kakichora mjinga gani?"

Salha alibonyeza mara moja. Jina la mchoraji likatokea: Mbaruku.

Mbaruku aliinama, akamnong'oneza huku ameuma meno, "Futa hilo jina. Andika lako."

Salha alilisogeza tundu kwanza. Shafti ikaingia taratibu, ikazunguka. Mbaruku akanyoosha mkono kukichukua kipanya, lakini vidole vya Salha vilikuwa vimekikamata, na havikuachia.