Msafara Unapopita
Tangu jaribio la saba la kumuua rais, nyumba zote za kando ya barabara kuu hujifunga zenyewe msafara wake unapokaribia. Siku hiyo zilijifunga saa nne asubuhi, Mwinyimvua akiwa amebanwa na pumu na dawa yake ya kuvuta imekwisha.

Mkewe, Tunu, alipiga simu kituo cha ulinzi. "Mwanangu, mume wangu hapati pumzi. Nifungulie nivuke hapo duka la dawa."

"Pole sana, mama," kijana akajibu kwa huruma. "Hata sisi hatuwezi kufungua. Milango hufunguka msafara ukishapita."

Tunu akamkalisha mumewe sakafuni, akamwegemeza kifuani pake. "Vuta taratibu, baba Rehani. Wanakaribia kupita." Nje, magari meusi yakaanza kupita polepole. Tunu akamwombea rais kwa moyo wote asidhurike, maana angeshambuliwa, milango isingefunguka hadi kesho.

Ilifunguka saa tano. Mwinyimvua alikuwa ameshakata roho.

Mchana, redio ikatangaza kwamba rais amefika salama kwa ndege, na magari yale yalikuwa ya kuzuga tu. Waombolezaji walimtazama Tunu, na hakuna aliyethubutu kuizima.